Dairekti Niliyoiweka kwenye Gari la Mwalimu

Ninyi mnaoanza kushika waya siku hizi, mkinikuta hapa Tosamaganga nimekaa kibarazani na redio yangu, huwa mnaniuliza habari za stata. Mzee, gari likigeuzwa ufunguo linasema tik halafu kimya, ni nini? Nawajibu vizuri kwa sababu napenda kuulizwa. Lakini lipo jambo moja ambalo sijawahi kuwaambia, na nimeona niliandike kabla mikono haijakataa kabisa. Kule Igowole kuna mwanamke ambaye nusura anyang'anywe watoto wake kwa kuitwa muuaji wa mumewe, na chanzo ni kipande cha waya kisichozidi urefu wa kidole changu cha kati. Waya ule niliuunga mimi. Nimefanya umeme wa magari miaka thelathini na minne, Mbeya, Igawa na Mafinga, na hakuna kazi yangu nyingine ninayoikumbuka kila siku kama ile.

Nitafika huko. Kwanza tuongee stata, ile mota inayoishtua injini, maana msipoielewa stata hamtaona nilikosea wapi.

Mzee Ezekia, fundi aliyenifundisha pale Mwanjelwa, hakuniruhusu kushika spana mwezi mzima wa kwanza. Alinikalisha nisikilize. Gari likiletwa limegoma, anamwambia dereva ageuze ufunguo, kisha ananigeukia. "Umesikia nini?" Nikisema sijasikia kitu, ananiambia, "Hicho nacho ni kitu. Kiweke kichwani." Alikuwa Mnyakyusa mkali, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba, na kwake yeye stata ilikuwa na sauti nne tu. Tatatata ya harakaharaka, betri imechoka au vichwa vyake vimelegea. Tik moja nzito halafu basi, umeme umefika kwenye solenoidi, yaani kile kikopo kilichobebwa mgongoni mwa stata, lakini stata yenyewe haizunguki, kwa hiyo angalia kaboni zinazopitisha umeme ndani yake na nyaya nene. Mlio wa kuzunguka peke yake bila injini kushtuka, meno hayakamati. Ya nne ni kimya kabisa, na hiyo ndiyo iliyowatoa jasho mafundi wengi, kwa sababu kimya kinaweza kutoka mahali popote kati ya kidole cha dereva na stata.

Kabla ya kufungua chochote, washa taa kubwa, kisha geuza ufunguo huku unazitazama. Zikififia sana, umeme unakwenda lakini unapotelea njiani. Zisipotikisika, umeme haujaondoka hata nyumbani. Siku hizi mna vifaa vya kuchomeka chini ya usukani vinavyowaandikia hitilafu kwa namba, na sividharau, ningekuwa na macho yangu ya zamani ningekuwa nacho kimoja. Ila kifaa hakitakwambia kwamba waya wa bodi, unaourudisha umeme kwenye betri, umeoza chini ya tope.

La tope lilinikuta Igawa. Alikuja mfugaji mmoja Msukuma kutoka mbugani Usangu, na pikapu yake ya kubebea ndama na madumu ya maziwa. Stata ilikuwa inazunguka kwa uchovu. Nikaishusha, nikabadilisha kaboni, nikasugua amecha, ule moyo wake unaozunguka, mpaka ikang'aa, nikairudisha. Uchovu uleule. Nikafunga stata nyingine kabisa, uchovu uleule. Siku ya tatu yule bwana, ambaye muda wote alikuwa amekaa juu ya ndoo akinitazama, akasema polepole, "Fundi, mimi ng'ombe yangu ikianguka sianzi kuing'oa meno. Naangalia kwanza miguu." Nikaingia chini ya gari kwa hasira, nikaparua tope lililokauka pale injini inapoungwa na bodi, nikakuta waya umebaki nyuzi mbili. Nikaweka mpya na pikapu ikawaka hapohapo. Kwa miaka mingi alipopita barabara kuu alikuwa anapiga honi na kuniuliza kwa sauti kama leo nimeangalia miguu. Makosa ya namna hiyo ni mazuri kuwa nayo. Unachekwa, unajifunza, na kila mtu analala kwake.

Sasa hilo neno dairekti. Fundi yeyote kati ya Mbeya na Iringa analijua. Swichi imekufa, kipuri hakipo, basi unachukua waya unaoingia na waya unaotoka, unaziunga, umeme unapita moja kwa moja bila kuuliza mtu. Feni ya rejeta dairekti, pampu ya mafuta dairekti, honi dairekti. Wateja wenyewe walikuwa wanaiomba: "Fundi, nipigie dairekti, nina safari." Nasi tulijisifia. Aliyeweza kuiweka upesi ndiye aliyeitwa mtaalamu. Na neno hilo lilikuwa na mwenzake, "kwa muda." Nimekuwekea dairekti kwa muda. Sikumbuki hata gari moja lililorudi kuondolewa dairekti. Gari likishawaka, mwenyewe anarudi kufanya nini?

Mzee Ezekia hakuipenda. Alipolazimika kuiweka, alikuwa na namna yake: anasokota waya mara saba, anakunja mkia urudi nyuma, anasokota tena mara tatu, halafu anazungushia utepe mwekundu, ili fundi atakayefungua baadaye ajue hapa kazi haijaisha. Kisha alikuwa anaandika karatasi na kuibandika karibu na usukani, kumweleza mwenye gari ni kitu gani kimerukwa. Mimi nilichukua ule msokoto na utepe mwekundu. Karatasi niliona ni mbwembwe za wazee.

Mwalimu Atupele aliletwa gereji kwangu Mafinga asubuhi moja, watu wanne wakilisukuma gari lake kutoka stendi. Alikuwa mwanamke wa Tukuyu aliyeolewa Igowole kwa Wahehe, anafundisha shule ya msingi hukohuko. Gari lenyewe dogo, la gia za otomatiki, limetunzwa vizuri, na tangu walinunue ni mimi peke yangu niliyekuwa nalifungua.

"Kamwene, fundi."

"Kamwene, mwalimu. Gari inaumwa nini leo?"

"Nageuza ufunguo, kimya. Hata tik hakuna. Na mama mkwe nimemwacha dukani pale ng'ambo, saa tano tunatakiwa tuwe Tosamaganga hospitali, wamwangalie macho."

Nikamwambia awashe taa kubwa, ageuze ufunguo. Taa hazikutikisika. Nikachomoa ule waya mwembamba unaoiamsha solenoidi, nikaushikisha kwenye taa yangu ya kupimia. "Geuza." Giza. "Sasa peleka gia kwenye N, geuza tena." Taa ikawaka hafifu. Nikaingiza mkono dirishani, nikatikisa wenzo wa gia, taa ikawaka, ikazima, ikawaka. Nikajua. Gari la otomatiki lina swichi ubavuni mwa giaboksi. Wenzo ukiwa kwenye P ya kuegesha au N ya gia huru, swichi inaruhusu umeme wa ufunguo uende kwenye stata. Wenzo ukiwa kwenye D ya kwenda mbele, inaukata, na gari haliwaki hata ungegeuza ufunguo siku nzima. Swichi yake ilikuwa imelika ndani. Kazi yote ya kuutafuta ugonjwa haikufika dakika kumi, na nakumbuka nilijiona fundi kweli.

"Ni swichi ya gia," nikamwambia. "Naagiza Dar, siku tatu itakuwa hapa na basi. Kwa leo naipiga dairekti kwa muda, uwahi hospitali."

Alinitazama nikisokota waya. Akauliza, "Nikiendesha hivyo hakuna tatizo lolote?"

Alikuwa mwalimu, ameuliza swali sawasawa, kwa lugha iliyonyooka. Ilitosha nimwambie maneno machache: kuanzia sasa gari lako litawaka hata kama umelisahau kwenye D, kwa hiyo angalia wenzo kila mara. Sikuyasema. Nilikuwa na lori linanisubiri, lakini hiyo si sababu kubwa. Sababu kubwa ni kwamba ningeyasema ningeonekana sijamaliza kazi.

"Hakuna, mwalimu. Endesha tu."

Akanishukuru kwa Kinyakyusa, ndaga fijo, akaondoka. Swichi ilifika. Nikaiweka kwenye rafu, nikampigia simu mara moja, haikupokelewa, na sikupiga tena.

Swichi ile kazi yake ni moja, kungojea siku mtu atakaposahau. Mwalimu alisahau mwaka uliofuata, mwezi wa saba, kwenye ile baridi ya Mufindi inayogandisha umande kwenye majani ya chai. Jioni alikuwa ameingiza gari uani, akaligeuza kuelekea geti, simu ikaita, akavuta breki ya mkono na kuzima injini huku wenzo uko D. Ufunguo ukabaki palepale, kwa sababu kwenye D hauchomoki. Asubuhi mumewe, baba Neema, akatangulia kufungua geti ili waende kanisani. Mwalimu akaingia, akashusha breki ya mkono, akageuza ufunguo. Gari lenye swichi nzima lingekaa kimya, naye angeshangaa, angeangalia wenzo, angecheka. La kwake likawaka. Mnajua injini ikiwa ya baridi inavyonguruma juu dakika za mwanzo. Lilirukia mbele kabla mguu haujafika kwenye breki, likambana baba Neema kwenye geti. Hakufika hospitali.

Wiki ileile, majirani walikuwa wamewasikia mke na mume wakigombana juu ya shamba la miti. Ilitosha. Kabla ya maziko ndugu wa marehemu walishaanza kusema yule Mnyakyusa amemuua ndugu yao, na kwamba watoto watatu wasiachwe mikononi mwake.

Askari mkaguzi wa magari alinijua, na umeme wa magari haukuwa ujuzi wake. Akanipitia gereji twende pamoja. Gari lilikuwa bado uani. Akaweka wenzo kwenye D, akageuza ufunguo akiwa amekanyaga breki, likawaka. "Hii imekaaje?" akaniuliza. Nikafungua kifuniko, nikaona utepe mwekundu. Sikuhitaji kuufungua, lakini niliufungua, nikauhesabu msokoto mpaka saba, na mkia uliokunjwa kurudi nyuma. Nikashika bampa, na bampa lenyewe lilikuwa limebonyea.

"Swichi imerukwa," nikamwambia. "Kuna mtu ameunga hapa. Hawa mafundi wa vichochoroni."

"Nani?"

"Nitajuaje?"

Akaandika hivyohivyo. Mwalimu Atupele alikuwa amesimama mlangoni na khanga nyeusi, ananitazama. Sikumpa hata pole. Niliogopa, vijana, niliogopa jela, niliogopa jina langu, na nilijidanganya kwamba nimemsaidia, kwa sababu baada ya maandishi yale polisi hawakumfungulia kesi.

Lakini wakwe hawakuwa polisi. Wiki kama sita baadaye alikuja gereji amepanda bodaboda, amekonda. Nikamkaribisha kwenye benchi. Hakukaa.

"Fundi, niliwaambia ni wewe uliyeunga huo waya. Wamesema nakusingizia. Wanasema fundi wa Mafinga ndiye aliyeugundua, atakuwaje tena yeye aliyeuweka? Wanasema nilitafuta fundi wa kificho anisaidie kumtegea mume wangu mtego."

Nikaanza kufuta spana ambayo tayari ilikuwa safi.

"Jumamosi ukoo unakaa. Wakimaliza, mimi narudi Tukuyu peke yangu, watoto wanabaki kwa baba yao mkubwa. Neema ana miaka kumi na mmoja, amenikuta nalia ananiuliza mama, ni kweli? Sikuja kukulaumu. Nimekuja kukuomba useme."

"Mwalimu..."

"Useme tu," akasema, akarudi kwenye bodaboda.

Siku mbili zilizobaki sikufanya kazi ya maana. Ijumaa nilifunga begi, nikafika mpaka stendi ya Mafinga nikiwa na nia ya kupanda basi la Mbeya na kukaa kwa dada yangu mpaka mambo yapoe. Basi lilikuja likaondoka. Sitaki mdhani nilikuwa mtu mwema pale stendi. Nilikuwa nimefikiria tu kwamba hata Mbeya nitakutana na magari, na kila gari nitakalofungua nitautafuta utepe mwekundu.

Jumamosi nilikwenda Igowole na ile swichi kutoka kwenye rafu, na begi la vifaa. Walikuwa wamekaa uani, wazee sita na mashemeji wanne, na baba mkubwa Festo, kaka wa marehemu, katikati yao kwenye kiti cha mbao. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye mkeka peke yake. Nikasalimia, nikasema aliyeunga waya ni mimi.

"Mama huyu amekulilia, ukamwonea huruma," alisema baba mkubwa Festo. "Tunakushukuru kwa huruma. Nenda nyumbani, fundi."

Hawakuniamini. Nilikuwa nimedanganya vizuri mno ile mara ya kwanza, na maandishi yalikuwa upande wa uongo wangu. Nikatoa kwenye begi vipande viwili vya waya. Nikaviunga mbele yao nikiwa nimefumba macho, mara saba, mkia nyuma, mara tatu, kama nilivyofundishwa Mwanjelwa nikiwa kijana kama ninyi. Nikampa baba mkubwa Festo mkononi. Kisha nikaomba aje garini, nikamfungulia kifuniko. Alitazama kile cha mkononi, akatazama cha garini. Alikuwa mtu wa mashine ya kupasulia mbao, alijua kazi ya mkono wa mtu mmoja akiiona. Kisha akanigeukia.

"Shemeji alijua gari imekuwa hivi?"

"Hakujua. Aliniuliza kama kuna tatizo, nikamwambia hakuna."

"Na siku ya askari, kwa nini hukusema?"

"Niliogopa."

"Uliogopa," akasema. "Ukamwachia yeye aogope kwa niaba yako." Hakupandisha sauti. Afadhali angenipiga. Alirudi kwenye kiti chake, akawaambia wazee kwa Kihehe, halafu akarudia kwa Kiswahili ili mwalimu asikie vizuri, kwamba watoto watakaa na mama yao na nyumba ni yao, na atakayemwita tena shemeji yake muuaji ataongea na yeye kwanza. Mwalimu aliinamisha kichwa mpaka kikagusa magoti. Wanawake wakatoka jikoni wakamzunguka.

Jumatatu yake nilikwenda mwenyewe kituoni kuandika maelezo mapya. Nilipewa adhabu, nikaitumikia, na nilipotoka sikufungua gereji tena. Hayo ni yangu, nayaacha hapo. Ninalotaka mlisikie ni la Jumamosi ileile, kikao kilipokwisha.

Mwalimu alisema halitaki tena gari uani kwake, shemeji mmoja akasema litakaa kwake huko juu barabarani mpaka apatikane wa kulichukua. Nikaomba nifunge swichi kwanza. Nikaondoa waya wangu, nikafunga swichi mpya, nikapima. Nikaweka D, nikageuza ufunguo, kimya. R, kimya. P, likawaka. Nikazima, nikarudia yote mara sita. Halafu nikaweka P, nikakaa kwenye usukani, nikasubiri geti lifunguliwe.

Nilidhani atakwenda mmoja wa mashemeji. Akaenda mwalimu mwenyewe. Alipita mbele ya gari, akafika kwenye geti, chuma chake bado kimepinda pale katikati, akaanza kuvuta komeo lililogoma. Alikuwa amesimama palepale.

"Mwalimu," nikaita dirishani, "toka kwanza hapo mbele, ndiyo niwashe."

Akageuka. Hakusogea. Aliniuliza kwa ile sauti yake ya darasani, bila hasira yoyote, "Si umeshalitengeneza, fundi?"

Nikamwambia ndiyo, nimelitengeneza. Ilikuwa kweli, na nimewaambia nilipima mara sita. Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili, nikatazama wenzo uko P, nikashika ufunguo, na mkono ukakataa kuugeuza. Miaka yote ile nilikuwa nawaambia watu endesha tu. Nikachomoa ufunguo, nikashuka, nikawaomba mashemeji zake waje tulisukume. Tulilisukuma wanaume watano mpaka barabarani, na yeye akafunga geti nyuma yetu.